Unataka Kucheza Machi? Anza na Cheti cha Kidato cha Nne

Juzi binti mmoja wa kidato cha tatu, yuko Kwale, kanitumia picha ya Madina Okot, Mkenya mwenzetu wa mpira wa kikapu, na jezi ya chuo cha South Carolina, Marekani, na chini yake maneno machache: "Dada, nami nataka huku. Nianzie wapi? Na mtandio watanivua?" Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona heri niliweke hapa. Maswali haya huja kila Machi mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani yakianza, na mnaouliza nawajua hata bila kuwaona: warefu kuliko darasa zima, mnadunda mpira hadi magharibi, na nyumbani mnaambiwa mpira haulishi.

Mwenye sifa apewe sifa zake kwanza. Madina alitoka Zetech hapa hapa Kenya, akaenda chuo cha Mississippi State mwaka 2024. Msimu ule waliingia mashindano ya kitaifa, wakatolewa raundi ya pili na USC, chuo cha California. Kisha akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, timu yenye ubingwa wa 2017, 2022 na 2024. Habari ile iliponifikia nililia, na sitadanganya kwamba machozi yote yalikuwa ya furaha. Kuna mahali bado pananiuma, nitawaeleza.

Lakini mjue mnachokitaka. Daraja la kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, lina timu za wanawake zaidi ya 350, na zinazoingia mashindano ni 68. Ukifungwa mara moja, unapanda ndege kurudi chuoni. Timu 16 zinazopangwa juu huchezea nyumbani kwao raundi mbili za mwanzo, mbele ya mashabiki wao, kwa hiyo timu ndogo huanza na mlima. Hata hivyo mwaka 1998 Harvard, waliopangwa wa mwisho katika kundi lao, waliwafunga Stanford huko huko kwa Stanford, 71 kwa 67. Hiyo mechi nimewasimulia watu hadi wamechoka nayo.

Na msidhani wanawake walibebwa hadi hapo walipo. Mwaka 2021, mashindano yote yalipochezwa eneo la San Antonio kwa sababu ya korona, mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alirusha video ya chumba chao cha mazoezi: kijirafu kimoja cha vyuma, huku wanaume wana ukumbi mzima. Dunia ikapiga kelele. Ni baada ya hapo, mwaka 2022, ndipo wanawake nao wakaruhusiwa kutumia jina la March Madness, yaani wazimu wa Machi, lililokuwa la wanaume peke yao. Miaka miwili mbele, fainali ya South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, 87 kwa 75, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 18 kule Marekani, ikaipita ya wanaume. Sisi tuliocheza kabla ya hapo tuliyacheza hayo hayo, ila kamera hazikuwepo.

Mimi mpira nimejifunzia Mombasa. Nilikuwa nikitoka shule naingia ukumbi wa Makande kuwatazama akina dada wa KPA, timu ya bandari, wakifanya mazoezi, wakinifukuza narudi kwa mlango mwingine. Sikuwa na shuti la mbali. Nilichokuwa nacho ni ribaundi: mpira ukigonga chuma, ni wangu. Hicho ndicho kilichonipeleka Kansas, kwenye chuo cha miaka miwili katika mji ambao ukifumba macho basini umeupita.

Mnapaswa kusikia walivyonicheka. "Marekani gani hiyo, chuo hata jina hakina?" Binamu yangu mmoja alisema nimeenda kulima mahindi. Sasa sikilizeni. Evelyn Akhator wa Nigeria alianzia chuo cha miaka miwili, Chipola, Florida. Kutoka hapo akaenda Kentucky, na mwaka 2017 alichaguliwa wa tatu nchi nzima kuingia WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake kule Marekani. Vyuo hivi vina ligi yao, NJCAA, vina ufadhili kamili, na vina mashindano yao ya kitaifa. Miaka yetu yalikuwa Salina, Kansas, na sisi tulifika. Tulifika! Nilicheza pale huku baridi ya nje inakata masikio, na mpaka leo nikisikia mtu anaponda vyuo vya miaka miwili, chai yangu hupoa nikimjibu.

Baada ya hapo chuo kikuu kimoja cha daraja la kwanza kikanitaka. Sikitaji. Aliyenitafuta alikuwa kocha msaidizi, mama mpole, alizungumza na mamangu kwa simu akamuuliza napenda kula nini. Nikaenda kwa ajili yake. Msimu haukuisha vizuri, kocha mkuu akafutwa, msaidizi akaondoka naye, akaja mwingine na watu wake. Akaniita ofisini, akanisifia tabia, kisha akaniambia nitafute mahali pengine. Ufadhili wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha. Basi. Niko maelfu ya maili kutoka kwetu, viza yangu inategemea niwe na chuo, na mtu ananishukuru kwa mchango wangu!

Nilimalizia chuo cha daraja la pili, nikatoka na shahada ya uhasibu. Wale walionitoa sijawahi kuwashangilia, hata wakicheza na timu nisiyoipenda.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kwale, usiulize kwanza timu ina jina gani. Uliza ufadhili ni wa muda gani, na umeandikwa wapi. Uliza kocha akiondoka wewe unabaki na nini. Uliza likizo ndefu utalala wapi na utakula kwa nani, maana mabweni mengine hufungwa, na wewe huwezi kupanda matatu ukarudi nyumbani. Kocha mzuri hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Cheti ndicho kinachokufungulia. NCAA ina ofisi inayokagua masomo ya sekondari kabla hujagusa mpira: Kiingereza, hesabu, sayansi na mengineyo, masomo 16 ya msingi kwa jumla, na alama zake. Urefu wako hauingii kwenye hesabu hiyo. Nimeona wasichana wenye mikono ya dhahabu wamekwama hapo, wakabaki kucheza mechi za mitaani wakisema walirogwa. Soma. Ukichoka kurusha mpira, soma. Na usikae nyumbani miaka ukingoja bahati baada ya kumaliza shule, kwa kuwa kanuni zao huhesabu muda tangu ulipomaliza, na ukichelewa unaweza kupoteza misimu.

Ajenti akikudai pesa ya "kushughulikia faili", toka. Mmoja wa Nairobi alikula ada ya mdogo wangu wa tumbo moja, akabadilisha namba ya simu. Chuo kinachokutaka kitakutumia chenyewe fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, na ukiipata utakwenda nayo mwenyewe ubalozi wa Marekani, Gigiri.

Tuma video ya mechi nzima. Vipande vilivyopachikwa muziki kila mtu anavyo. Kocha anataka kukuona ukipoteza mpira, ukirudi kukaba, ukikaa benchi umenuna au unashangilia wenzako. Siku hizi wanapenda kuchukua wachezaji wakubwa wanaohama kutoka vyuo vingine, kwa hiyo msichana wa sekondari kutoka kwetu anatazamwa mara moja tu. Na zile pesa za matangazo wanazochuma wenzako Wamarekani tangu 2021, usizitie kwenye hesabu: viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za kulipwa. Wewe hesabu ada, chakula, na cheti. Narudia cheti kwa sababu najua umeruka ile sehemu.

Sasa mtandio. Hawakuvui. Bilqis Abdul-Qaadir alicheza daraja la kwanza akiwa Memphis, kisha Indiana State, kichwa kimefunikwa, mikono na miguu pia. Waliomzuia ni shirikisho la dunia, FIBA, alipotaka kucheza kwa kulipwa ng'ambo. Marufuku yao iliondolewa mwaka 2017, yeye ameshakosa miaka yake. Kwako mlango uko wazi kote kuwili. Tafuta mtandio wa michezo unaobana, usio na pini, uuzoee mazoezini kabla ya mechi, na mwambie kocha siku ya kwanza mtakayozungumza. Video ukiwa tayari nitumie, niitazame kabla hujampelekea mtu yeyote. Na picha ya ripoti yako ya muhula uliopita, kurasa zote mbili.