Kupogoa Mizabibu Bila Kuliua Shina

Nyinyi mnaoanza kazi ya bustani hapa Mombasa, na mmekabidhiwa mizabibu iliyotandaa juu ya vichanja vya Nyali au Kisauni, fahamuni kwamba kila tawi mnalokata huacha kidonda, na maradhi yanayoozesha shina huingilia hapo. Ukungu unaoyasababisha huishi katika miti iliyokufa, na mvua inaponyesha hutoa mbegu zisizoonekana kwa macho, zikachukuliwa na matone na upepo hadi kwenye kidonda kibichi. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi, ingawa kidonda kikubwa huweza kuambukizwa hata baadaye.

Kwa hiyo tarehe ya kukata ina uzito kuliko ukali wa mkasi. Katika nchi za baridi mzabibu hulala, na wakulima husogeza upogoaji hadi mwisho wa msimu wa baridi. Wetu haulali, basi ni juu yetu kuchagua. Mikato minene ya matawi makongwe ifanyeni Januari au Februari, kaskazi inapovuma na ardhi ni kavu, wala msithubutu kuigusa kuanzia Aprili hadi Juni. Upogoaji wa kuzalisha unafaa mwishoni mwa Agosti, katika siku zisizo na manyunyu, ili vidonda vikauke kabla ya vuli na zabibu, ambazo huhitaji takriban miezi minne, ziive mvua zikiwa zimepungua.

Ukataji wenyewe unataka subira. Tawi jembamba la mwaka mmoja hukatwa juu kidogo ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, na kidonda chake ni kidogo. Tawi kongwe lisikatwe likaambatana na shina, kwa kuwa mti chini ya mkato hukauka kuelekea ndani kwa umbo la pia, na ukavu huo ukifika shinani huziba njia za maji. Acheni kisiki chenye urefu unaokaribia unene wa tawi, kikaukie hapo nje. Mimi hupendelea kukata matawi machanga mapema, mwaka baada ya mwaka, kuliko kungoja msumeno uhitajike. Vidonda vinene vipakwe siku hiyo hiyo rangi ya maji au dawa ya kuzuia ukungu.

Mkiona machipukizi mafupi yenye majani madogo yaliyokunjamana, au mkono mmoja wa mzabibu umekauka huku mwingine ukistawi, kateni mkono huo na mtazame sehemu iliyokatwa: doa la kahawia lenye umbo la kabari, gumu na kavu, ni dalili ya maradhi. Endeleeni kukata mkishuka hadi mti wa ndani uwe mweupe mzunguko mzima, kisha mshuke sentimita 10 zaidi. Hakuna dawa inayolirudishia uhai shina lililooza. Hata arseniti ya sodiamu, iliyotumika Ufaransa, ilipigwa marufuku huko mwaka 2001 kwa sumu yake. Ila chipukizi lililotoka chini ya uozo likifungwa kwenye kijiti cha kuegemea, huwa shina jipya juu ya mizizi ile ile.

Masalio yachomwe, yasirundikwe chini ya kichanja. Tazameni pia miembe na mikorosho ya jirani, kwa sababu ukungu uitwao Lasiodiplodia theobromae hushambulia miti hiyo pamoja na mzabibu. Matawi makavu ya miti hiyo yaondolewe kabla ya masika.