Bibi Aliuliza Kama Desemba Atarudi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Wageni wanaotaka kuasili watoto wa Kitanzania wanasema masharti yetu ni magumu mno. Je, sheria ilegezwe?" Nililisoma kwenye simu nikiwa nasubiri kusukwa hapa Moshi, na msusi akaniuliza mara mbili kama nywele zinavuta, maana uso ulibadilika. Hazikuwa zinavuta.

Jibu langu ni hapana. Msilegeze hata uzi mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, awe ameishi na mtoto miezi mitatu huku afisa ustawi wa jamii akimwangalia, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete maoni ya watu wa ustawi wa kwao kwamba anafaa kulea, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Ndipo Mahakama Kuu iamue. Wengine huona hiyo miaka mitatu ni adhabu. Jamani, mtu anataka kuondoka na mtoto wa watu maisha yote, na miaka mitatu anaiona mingi? Hapa tunasubiri hati ya kiwanja kuliko hapo, na kiwanja hakilii usiku.

Na si kwamba tunaonea watu. Ethiopia ilikuwa inatoa watoto wengi kwenda nje kuliko nchi karibu zote za Afrika, na mwaka 2018 ikapiga marufuku. Kenya walisimamisha mwaka 2014. Korea Kusini, ambayo ilianza kupeleka watoto nje baada ya vita vya miaka ya 1950, tume yao ya ukweli ilikuja kusema mwaka 2025 kwamba kulikuwa na watoto walioandikwa yatima ilhali wana wazazi hai. Walioandikwa! Yaani mtu alikaa mezani, akachukua kalamu, akaua wazazi wa mtoto kwenye karatasi. Sisi wa Moshi na Arusha tusijifanye hatujui habari hizi. Vituo vyetu vya kulelea watoto tunavijua, na tunajua ni watoto wangapi humo ambao Jumapili mama anakuja kuwaona.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini ninyi mmeuliza kuhusu masharti, na mimi kinachonikera si masharti. Ni neno moja nililolisema mwaka 2012, na sijawahi kulieleza mahali.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini. Kiingereza changu kilikuwa kinaeleweka, na mimi ni Mmachame niliyeolewa Kibosho, kwa hiyo nina Kichaga cha aina mbili, na vyote wenyewe wanavicheka. Watu walikuwa wananiita kutafsiri: barua ya mfadhili, mgeni wa kanisani, mambo ya namna hiyo. Siku moja mlezi wa kituo kimoja, sitakitaja, akaniomba nipande naye Kibosho. Kulikuwa na wazungu mume na mke waliokuwa wanataka mtoto wa pale kituoni, mvulana wa miaka sita, na bibi yake alitakiwa aelezwe na atoe ridhaa.

Mama wa yule mtoto alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Baba alikwenda Mererani kuchimba, kama vijana wengi wa huku, na tangu mvua za mwaka 2008 zilipojaza maji kwenye mashimo hakuna aliyemwona. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Kituo kilimwandika mtoto kama yatima wa pande mbili. Bibi yeye alikuwa anasema mwanawe "hajatoka." Hakusema amekufa. Hajatoka.

Ningependa niwaambie wale wazungu walikuwa watu wabaya, barua hii ingekuwa rahisi. Walikuwa watu wazuri. Mume alikuwa mtu wa mambo ya maji, mke muuguzi, wamepanga Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo hapa kwetu licha ya jina lake, wana miaka miwili na ushee Moshi. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni lakini hawakuona haya kukitumia. Yule mama alikuwa anakwenda kituoni kila Jumatano, na mtoto alikuwa anajua Jumatano ni siku gani kabla hajajua kusoma.

Tulikuwa watu sita pamoja na Bibi, tukaketi uani, migomba pande zote, kiti kimoja cha plastiki tukampa mgeni na sisi wengine tukakaa kwenye benchi. Afisa ustawi alikuwa kijana, mtu wa Singida, mpole, Kichaga hajui hata salamu. Akafungua faili, akaanza kwa Kiswahili kizuri cha ofisini: "Bibi, hawa wenzetu wanaomba kumuasili mjukuu wako."

Bibi akashtuka. "Kuasi? Nani kaasi?"

Tukacheka wote, hata yeye. Afisa akasema siyo kuasi, ni kuasili, kumfanya mtoto awe wa kwao kabisa. Bibi alikuwa na Kiswahili cha kuuzia ndizi Kiborloni, lakini jambo zito alilitaka kwa Kichaga, akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia.

Nilitafuta neno. Kwenye Kichaga changu sikuwa nalo. Tuna neno la kumlea mtoto wa ndugu, tuna la kumpokea yatima, tuna la kumrithi mjane. La kumkata mtoto kwao akaota kwingine kama chipukizi la mgomba sikuwa nalo. Jua lilikuwa kali na watu wananitazama. Nikasema: wanataka kumlea. Wamsomeshe, wamtibu, akae kwao.

Bibi akafurahi sana. Akasema kulea si kitu kigeni, ni kuazimana mikono. Binti yake mmoja alilelewa na shangazi Arusha mpaka akaolewa, na yeye mwenyewe alilea watatu wasio wake, mmoja sasa ni karani huko Same. Wazungu wakaniuliza anasemaje, nikawaambia anasema sawa. Na kweli alisema sawa. Mke akaanza kutokwa na machozi. Afisa akatoa karatasi na kile kidude cha wino, Bibi akaweka dole gumba kwenye wino, na kidole kikiwa bado hewani akaniuliza, kawaida tu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Desemba atakuwa anarudi?"

Kwa msomaji wa Mtwara au Mwanza labda hilo ni swali dogo. Wa huku mnajua. Desemba Mchaga anapanda kwao hata kwa kukopa nauli. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa mpaka watu wanagombana, mbuzi wanapanda bei, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kinahesabu watu wake. Anayekosa Desemba moja anaulizwa. Anayekosa tatu anaanza kusemwa kama marehemu. Bibi hakuwa anauliza habari za likizo. Alikuwa anauliza kama mtoto ni wa pale au si wa pale.

Nikawauliza wazungu. Mke akasema, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba wangejitahidi kumleta kila baada ya miaka michache, nauli ikipatikana. Nikamtazama afisa, afisa akatazama faili lake. Hapo ndipo nilipotafsiri upya. Nikamwambia Bibi: atachukua jina lao. Kwenye cheti, wazazi watakuwa hawa. Kisheria hatakuwa mjukuu wako, na akikua akitaka kuja huku atakuja na pasi ya kwao, aombe viza kama mtalii wa mlimani.

Bibi akakaa kimya. Kisha akaokota jani kavu la mgomba akafuta dole gumba, polepole, mpaka kwenye kucha. Akasema: "Baba yake akitoka, nimwambie nimempeleka wapi?"

Ikawa imeisha. Hakuna aliyegombana. Tulipewa na ndizi za kuondoka nazo. Njiani kushuka, mke aliyekuwa analia kwa furaha sasa analia kwa jingine, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mara ya kwanza ulimwambia nini?" Sikumjibu vizuri. Nilisema lugha ni ngumu. Mwaka uliofuata walirudi kwao kabla hata ya kufikisha ile miaka mitatu.

Kwa miaka mingi nimejihesabia hilo kama ushindi. Nimelisimulia kwenye vikao vya wanawake, kwamba niliokoa mtoto kwa kusema ukweli dakika ya mwisho. Watu hutikisa kichwa, husema hongera Mwalimu. Na kila ninapoona habari kama ile ya Malawi, pale mahakama ilipomkatalia yule mwanamuziki Madonna mtoto wa pili mwaka 2009 kwa sababu hakuwa mkazi, kisha mahakama ya juu ikamkubalia miezi michache baadaye, nilikuwa naona naam, mimi nilisimama pale ambapo majaji waliyumba.

Ila ninapoandika haya naona kuna sehemu huwa naikata. Bibi alifariki mwaka 2014. Mtoto alikuwa bado kituoni, maana Bibi hakuwa na nguvu ya kumtoa na mimi sikwenda kumtoa. Kile kihamba alichokuwa anamtunzia, baba mdogo alihamisha masale, ile mimea ya mpaka, kabla hata ya arobaini. Kesi ilikwenda baraza la kata, ikaisha kwa mtoto kuambiwa atapewa sehemu akikua, na mnajua sehemu za namna hiyo zinavyokuwa. Kidato cha pili akaacha shule.

Na kuna jingine ambalo huwa naliruka kabisa. Siku ile, tulipokuwa tunaaga, Bibi alinishika mkono akaniuliza: "Kama shida ni ada na dawa, mbona wewe usimchukue?" Nilikuwa na nyumba Pasua, vyumba vitatu, mume hai, mshahara wa serikali. Nikasema nina watoto wanne na ada. Ambayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka huo huo nilinunua seti ya makochi.

Kwa hiyo sijui tena namkemea nani. Wazungu walikuwa wanaomba kubeba mzigo ambao mimi niliusifia, nikautafsiri, nikaulinda usiondoke nchini, kisha nikauacha uani. Sheria yetu hiyo hiyo inamruhusu Mtanzania kuasili, na kuna utaratibu wa malezi ya kambo, wa kumlea mtoto bila kumuasili, ofisi ya ustawi wanapokea maombi, hakuna anayedaiwa miaka mitatu ya ukazi. Ni nani kati ya mnaosoma amewahi kwenda? Mimi sikwenda. Kwetu mtoto wa ndugu tunampokea bila karatasi, asiye ndugu tunampelekea sabuni Krismasi na kupiga picha.

Basi nibadilishe jibu, au nilirekebishe, mhariri ataona. Ile miaka mitatu punguzeni mkitaka. Naam, mimi niliyesema msilegeze hata uzi. Inapima uvumilivu wa mgeni, na wale wawili uvumilivu walikuwa nao. Haipimi kama bibi ameelewa. Kazeni pale kwenye benchi. Mkalimani asiwe mtu wa kituo wala rafiki wa wageni kama nilivyokuwa mimi. Aulizwe bibi arudie kwa maneno yake alichoelewa. Aende mara mbili, siku tofauti. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, ule wa kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, unataka hasa hilo, kwamba anayeridhia aelezwe kama undugu unakatika au haukatiki, na sisi hatujajiunga nao. Na kama mtoto ana mtu anayemuuliza habari za Desemba, nauli ya Desemba iandikwe kwenye amri ya mahakama, siyo "tutajitahidi." Mtoto aliyeokotwa bila jina wala ukoo, huyo ni habari nyingine, na sioni kwa nini azeeke kituoni akisubiri Watanzania wa makochi.

Ingawa hapo nasema kwa kuwa mimi namjua mmoja tu, na mmoja hafanyi sheria. Huenda angekwenda huko akapotea vilevile. Huenda angekuwa daktari. Sina namna ya kujua, na mtu akiniambia anajua nitamwogopa.

Sasa ana miaka ishirini. Anauza viatu vya mtumba soko la Memorial, raba hasa, anazipanga vizuri kwa saizi, na nyingi zinatoka huko huko Ulaya. Ananiita Mwalimu, ananipunguzia bila kuombwa. Hajui kwamba nilikuwepo siku ile, wala sidhani anajua kulikuwa na siku ile. Wiki iliyopita nilimnunulia mjukuu wangu raba kwake, nikamuuliza mwaka huu atapanda Kibosho lini.

"Desemba, Mwalimu?" akacheka. "Desemba sipandi. Miaka yote sipandi. Desemba ndiyo biashara."