Re: Kuna skauti wa Kenya aliyefika Jamborii ya 2007?

Nilikuwepo, ndugu yangu. Jamborii, yaani kambi kubwa ya skauti wa dunia nzima, ilikuwa Hylands Park, Chelmsford, Uingereza. Skauti karibu 40,000, miaka 100 tangu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, apige kambi ya kwanza kisiwani Brownsea. Asubuhi ya Agosti 1 tulirudia ahadi ya skauti sote pamoja.

Ila mimi nakumbuka zaidi biashara ya skafu na beji, yaani soko la Gikomba kabisa! Nilipomwambia kijana mmoja wa Uswidi kwamba Baden-Powell kazikwa kwetu Nyeri, alidhani namtania. Mwalimu wetu alipothibitisha, akaivua skafu yake na kunivisha papo hapo. Ninayo hadi leo, ina doa la chai.

Kuhusu baridi uliyouliza: usiku nilivaa soksi jozi tatu, na wenyeji wanasema eti ni kiangazi.