Baba wa hapa, baba wa kule, na hao wanaoitwa "wababa"

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mhudumu katika mkahawa mmoja hapa Malindi. Juzi mtoto wa mpishi wetu aliingia mbio akimwita babake, "Baba! Baba!", na meza nzima ya wageni ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa Italia akanieleza kwamba kwao babà ni keki iliyoloweshwa pombe; mwenziwe aliyetoka Polandi akasema kwao baba ni mwanamke mtu mzima. Wababa wawili ninaofanya nao kazi wakaanza kubishana, mmoja akishikilia kwamba neno hili asili yake ni Kiarabu na kwamba Wazungu walilichukua huko, na mwingine kwamba Kiswahili ndicho kilichowagawia wote. Tafadhali tuamulie.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu. Mara ya kwanza nililifurahia, mara ya pili nikatafuta jibu, na mara ya tatu jicho langu likanasa kwenye hao "wababa wawili" na halikubanduka tena. Nitakujibu ulichouliza kwa kuwa ni haki yako, kisha utanivumilia nikujibu usichouliza.

Wenzako wote wawili wamekosea. Neno letu baba ni la Kibantu, nalo limeenea kwa jamaa zetu wa mbali na wa karibu: Washona husema baba, Wazulu husema ubaba, wala hakuna aliyemkopesha mwenziwe. Maneno ya mkopo huja na vitu vyake, na huacha nyayo. Wareno, ambao Vasco da Gama alitangulia kuwaleta hapa Malindi mwaka 1498, walituachia meza, leso, bendera na gereza. Hawakutuachia baba, kwa sababu watoto wa Malindi walikuwa na mtu wa kumwita kabla bibi mzaa da Gama hajaolewa. Waarabu nao neno lao la asili ni ab, ambalo wewe unalijua katika majina yote yanayoanza kwa Abu, ingawa watoto wao nyumbani huita baba kama watoto wetu. Mturuki humwita mzazi wake baba. Mchina pia, na wale wahandisi waliokuja kujenga bandari ya Lamu, wakipigiwa simu na watoto wao usiku, waliitwa kwa neno lile lile analoitwa mvuvi wa Kizingitini.

Ukivuka hadi kwa mataifa ya Kislavoni, mambo hupinduka. Mbulgaria akisema baba anamaanisha bibi yake. Mpolandi na Mrusi humaanisha mwanamke, na mara nyingi bila heshima nyingi. Mjapani naye, ambaye lugha yake haina udugu wowote na hizo, ana baba ambaye ni kikongwe wa kike. Ama ile keki, yenyewe kweli ni ya ukoo huo: Wapolandi waliipa keki yao ndefu jina la bibi mzee, keki ikahamia Ufaransa, huko ikaloweshwa ramu, kisha ikateremka hadi Napoli ikawa babà. Kwa hiyo wale wanawake wawili mezani walikuwa wakizungumzia neno moja bila ya wao kujua, na mpishi wako, ambaye ndiye aliyeitwa, hakuwa na lake katika mazungumzo hayo.

Sababu ya yote haya iko kwenye midomo. Mtoto mchanga anapoanza kubwabwaja, kiungo anachokimudu mapema ni midomo miwili inayofunguka na kufunga, na sauti zinazomtoka ni ba-ba, ma-ma, pa-pa. Yeye hamwiti mtu. Wakubwa waliomkalia mbele ndio wanaoamua kwamba wameitwa, kila taifa likijigawia sauti kwa namna yake. Mtaalamu wa isimu Roman Jakobson aliliandika jambo hili vizuri mwaka 1960, akitumia maneno 1,072 ya "mama" na "baba" yaliyokusanywa kutoka lugha mbalimbali za dunia na mwanaanthropolojia George Peter Murdock. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wageorgia, watu wa milima ya Kaukazi: kwao mama ni baba, na mama mzazi huitwa deda. Mchukue mtoto wa Kigeorgia umlete ufuoni Malindi apotee kidogo, alie "mama! mama!", na wanawake wote wema wa pwani hii watamkimbilia, hali yeye anamtaka yule bwana aliyekaa chini ya mwavuli. Nimewahi kuusimulia mfano huu barazani mara nyingi kiasi kwamba wenzangu wakiniona nafungua mdomo husema, "Mama ni baba, tumesikia."

Na papa je? Simama Shela, hii ya Malindi na si ile ya Lamu, wavuvi wakiwa wanateremsha papa, na huku mtoto wa Kiitaliano anamwita babake papà. Papa mwingine yuko Roma, na Peru papa ni kiazi, neno la Kikechua. Mperu aliyeletewa papa wa nazi kwa viazi anaweza kusema amekula papa kwa papa. Sauti ni chache na vitu ni vingi, lazima vigongane. Basi, hilo limekwisha.

Sasa tuje kwa wababa wako.

Umeandika barua nzima kwa Kiswahili safi, umesema "mwenziwe" na "babake" kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha katikati ukaniangushia "wababa wawili" kama mwiba katika wali. Kiambishi wa- hakiokoti abiria popote kama bodaboda. Kina mwenzake wa umoja, ambaye ni m-: mvuvi, wavuvi, mpishi, wapishi, mgeni, wageni. Anayesema wababa ana deni la kutuonyesha mbaba. Neno baba halina kiambishi katika umoja, na kwa hiyo halina cha kubadilisha katika wingi. Wingi wake hubebwa na majirani zake. Baba yangu amefika. Baba zetu wamefika. Baba mmoja, baba wawili. Nani katika sentensi hizo ameshindwa kuhesabu? Simba naye yuko hivyo hivyo. Sijapata kumsikia mtu, hata yule mlevi zaidi, akisema kwamba wasimba wawili wameonekana Tsavo, wala mama lishe akitangaza kwamba leo amechinja wakuku watatu. Simba, ambaye hatamsahihisha mtu isipokuwa kwa kumla, amepewa sarufi yake kamili. Baba, aliyelipa karo, amenyimwa.

Na kama unataka kuwataja baba kwa jumla yao, kama kundi, lugha haikukuacha mikono mitupu. Ilikupa akina. Akina baba, akina mama. Na pwani tunasema hata kina Omari, kwa kina Mwanaisha, tukimaanisha mtu na watu wake. Hiki ni kijineno chenye akili, na si sisi pekee tulioona haja yake. Wazulu, ambao wana aba- yao inayolingana na wa- yetu, hawaitumii kwa ubaba. Husema obaba, na o- hiyo hiyo wakiiweka mbele ya jina la mtu, oSipho, humaanisha Sipho na wenzake. Yaani Mzulu kule kusini na Mswahili huku kaskazini, ambao hawajakaa baraza moja, wamekubaliana kwamba baba hawahesabiwi kwa kiambishi wanachohesabiwa nacho watu wa kawaida, bali huenda pamoja na majina ya watu, kwa sababu kila mtu ana wake. Nikisikia wababa ninaona makubaliano hayo ya kale yamevunjwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi matatu.

Nilisema anayesema wababa ana deni la kutuonyesha mbaba. Masikitiko ni kwamba deni hilo limeshalipwa. Waulize vijana wa Nairobi nani ni mbaba, au mubaba kama wanavyopenda kutamka, nao watakueleza bila haya: ni mwanamume mtu mzima mwenye kitambi na pesa, ambaye huwafuata wasichana walio rika la binti zake. Wingi wake ni wababa. Hapo sarufi imetimia, m- na wa-, umoja na wingi, hakuna la kusahihisha. Kwa hiyo wenzako wawili wa mkahawani, ambao naamini ni watu wa heshima na walikuwa wakijadili asili ya maneno, umewaandikia katika barua sifa ambayo wake zao wangependa kupata maelezo yake.

Ninajua utetezi unaokuja, kwa kuwa nimeshaletewa. Husemwa: mbona tunasema mabibi na mabwana, na mababu zetu, na Wakristo wana mababa wa Kanisa? Kweli, na sina ugomvi nao. Hiyo ni ma-, kiambishi chenye mlango mpana, kinachowapokea marafiki, madaktari na mashangazi, na ambacho tangu zamani hutumika kwa watu wa hadhi wasio na m-. Hakihusiani na wa-. Anayeutumia mfano wa mabwana kutetea wababa ni kama aliyeshikwa na embe la jirani akasema mbona wewe unakula nazi. Husemwa pia kwamba lugha hukua. Hukua, ndiyo, na kucha pia hukua, na bado tunazikata.

Wadada na wakaka nimewaacha. Nasema kweli, nimechoka. Redio nzima imejaa wadada, mjukuu wangu anayo wadada wake, na binti mmoja wa benki alinihudumia kwa upole mkubwa akiniambia nimsubiri "mdada" wa dirisha la tatu, nikamsubiri. Katika mazungumzo pia nawaacha wamama, maana anayesema ana pumzi moja tu na huenda hana nafasi ya akina. Lakini maandishi yana nafasi. Karatasi haimkimbizi mtu.

Na ni karatasi iliyoniletea masaibu. Mjukuu wangu wa darasa la nne alirudi kutoka shuleni na tangazo: "Wababa na wamama wote wafike siku ya Jumamosi saa mbili kamili." Nikachukua kalamu nyekundu, kosa langu la ustaafu, nikakata wa- mbili hizo, nikaandika akina pembeni kwa mwandiko mzuri, nikamtuma mtoto airudishe kwa heshima na salamu. Muhula uliofuata tangazo likaja: "Wakina baba na wakina mama wote wafike." Nilikaa nalo kwa muda. Mwalimu yule alikuwa amenisikiliza. Alikuwa amelichukua neno langu jipya, akaliona halina shati, akalivisha wa-. Akina tayari ni wengi, na kukiongezea wa- ni kumvisha kofia mtu aliyekwisha kuvaa kofia. Nikaitoa tena kalamu. Mke wangu akaniambia mtoto ataonekana ana babu mgomvi. Nikaandika hata hivyo, ila kwa penseli.

Muhula wa tatu tangazo lilisema: "Wazazi wote wafike." Hakuna baba, hakuna mama, hakuna kiambishi cha kugombea. Sikujua kama nimeshinda au nimekwepwa, lakini hakukuwa na la kusahihisha, na kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa baharini, nilikwenda mwenyewe. Ukumbi ulijaa akina mama. Wanaume tulikuwa mimi na dereva mmoja wa tuktuk aliyekuwa akitazama saa yake kila dakika. Mwalimu akasimama, akanitambua, akafungua mdomo, akasita, kisha akasema polepole, "Karibuni, akina mama, na karibuni, baba zetu," nami nikaitika kwa sauti kuliko ilivyohitajika.

Ndipo akainuka mwenyekiti wa wazazi, mama mmoja mchangamfu ambaye hajapata kupokea karatasi yoyote kutoka kwangu, akasema angependa kwa namna ya pekee kuwapongeza wababa wawili waliofika. Watu wakapiga makofi. Dereva wa tuktuk akapunga mkono, nami nikapunga wangu.