Ukikemewa kwenye raundi, usinyamaze

Kila kundi jipya la wauguzi likiingia wodini tunaona jambo lilelile. Mtu anakosolewa asubuhi mbele ya timu nzima inayopita kitanda kwa kitanda, na hadi mchana keshajifunga: haulizi, hahakiki, anasubiri zamu iishe aende zake. Wadogo zetu, kazi mnaijua na mnajituma, lakini hapa mnatuumiza roho, maana anayelipia ukimya wenu ni mgonjwa.

1. Chukua hoja, ukali uache upite. "Hii chati gani hii?" ina hoja moja tu ndani yake: vipimo vya saa kumi na mbili asubuhi havipo. Jibu hilo: "Ni kweli, havikupimwa. Napima sasa hivi nakuletea." Kisha pima, andika muda uliopima kweli, na palipo wazi andika kwamba havikupimwa. Usibuni namba ya kuziba pengo. Wapo wanaofanya hivyo kwa aibu, na presha ya kubuni ya 120/80 inaweza kumficha mgonjwa anayevuja damu kwa ndani.

2. Uliza leo hata kama jana ulichekwa. Hili ndilo linalotukosesha usingizi. Huanza hivi: muuguzi mpya anauliza swali la dozi, anajibiwa, "Kwani chuoni mlikuwa mnafanya nini?" Watu wanacheka. Zamu inayofuata anakuta insulini, dawa ya kushusha sukari, imeandikwa 10U, yaani yuniti 10, ila ile U imejifunga juu kama sifuri, inasomeka 100. Moyoni anaona dozi ni kubwa mno, lakini akikumbuka kile kicheko anaona heri afuate kilichoandikwa. Mabomba ya sindano ya insulini yamekwisha, anachukua la kawaida la mililita 1. Insulini tunayotumia zaidi ina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, na bomba likijaa lote ni yuniti 100. Ikishachomwa hairudishwi. Sukari inashuka, mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, maneno yanamchanganya, mwisho degedege. Ikiwa ni usiku, wa kitanda cha pili atasema amelala fofofo.

Kosa hili lingeweza kuzuiwa sehemu nne. Aliyeandika angeandika neno "yuniti" kwa kirefu. Bomba sahihi lingekuwepo. Mtu wa pili angehakiki. Na huyu mgeni angeuliza, ila njia hiyo tulishaiziba sisi wakubwa kwa kumcheka.

Kuhakiki kwenyewe mnakufanya ovyo. Mwenzako usimwonyeshe jibu. Mpe chati na chupa, asome agizo, apige hesabu peke yake, atamke kiasi, ndipo mlinganishe. Ukimwambia "hii ni kumi, sivyo?" ataitikia tu. Fanyeni hivyo kwa insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda), potasiamu ya mshipa na dozi zote za watoto, hata wodi ikiwa imejaa.

Ukiuliza ukapuuzwa, rudia mara ya pili na utaje hatari: "Dokta, bado nina wasiwasi. Hii ni mara kumi ya dozi ya jana. Naomba uihakikishe kabla sijachoma." Akipuuza tena, usichome. Mwite mkuu wa zamu, naye ampigie daktari aliye juu yake. Huo si utovu wa nidhamu, ni kazi yako.

3. Simu ya usiku. Wengi mnafokewa kwa sababu mnaanza na historia ndefu, na daktari aliyeamshwa hajui anaitiwa nini. Kabla hujapiga, shika chati mkononi, kisha fuata mpangilio huu: hali ya sasa, historia kwa ufupi, tathmini yako, ombi. Mfano: "Ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda cha 6 presha imeshuka, 84/50, mapigo 124, pumzi 28, joto 38.9. Ni siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, ana kilo 60, mkojo mililita 60 kwa saa nne. Nahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje sasa, na uniambie nianze na nini." Mtu wa kilo 60 tunategemea atoe angalau mililita 30 kwa saa, kwa hiyo namba ile ya mkojo peke yake inatosha kumwamsha mtu. Akitoa agizo, andika, msomee, akubali.

4. Nanyi mlioanza kuwasimamia wenzenu, kosoeni kitendo. "Wewe mzembe" haimfundishi mtu chochote. "Kanula hii ya mshipani haina tarehe, kesho hatutajua imekaa muda gani, iandike sasa" inamfundisha. Jambo moja kwa wakati mmoja, pembeni, mbali na masikio ya mgonjwa na ndugu zake. Kama mkono unakaribia kudhuru, hapo sema papo hapo, "Simama kwanza," maelezo yatafuata.

5. Mwenzenu akikosea. Mwaka 2000 daktari Albert Wu aliwaita wahudumu wanaoumia rohoni baada ya kosa lao wahanga wa pili, na kila aliyekaa wodini anawafahamu. Kwanza mgonjwa: apimwe, atibiwe, daktari ajulishwe. Pili, mtu mmoja apokee wagonjwa wa mwenzenu kwa muda, mwingine akae naye wakati anajaza fomu ya tukio. Aandike kilichotokea na saa yake, bila kufuta wala kubadilisha faili, na mgonjwa au ndugu waelezwe ukweli na daktari mhusika. Msimuulize, "Ulikuwa unawaza nini?" Habari yake isigeuzwe gumzo la chumba cha chai. Jioni mtu ampigie simu. Zamu inayofuata afanye kazi ileile mwenzake akiwa karibu naye, maana akiikwepa wiki mbili ataiogopa mwaka mzima.

6. Tajeni majina mwanzo wa zamu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inataka kila mtu ajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kuchana ngozi. Aliyekwisha kusema jina lake hapati shida kusema "subirini."

7. Matusi, kurushiwa vifaa, kushikwashikwa, kutishiwa kufelishwa: huo ni unyanyasaji, usiuvumilie kwa jina la kujifunza. Andika siku hiyohiyo tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, kisha mpelekee mkuu wa wodi kwa maandishi. Kama mkuu ndiye mhusika, nenda kwa aliye juu yake, na omba mwenzako akusindikize.