Ushauri kwa mhudumu mpya wa mbwa wa sleji

Wadogo zangu mnaotaka kwenda Alaska kufanya kazi kwenye kambi za mbwa wa sleji (chombo kisicho na magurudumu, kinachokokotwa na mbwa juu ya theluji), nianze na jambo ambalo picha hazilionyeshi. Mtu mpya hachukuliwi ili aendeshe sleji, anachukuliwa ili ainame. Ataokota mavi, atapasua nyama iliyoganda kwa shoka, atabeba ndoo za supu, atavalisha mbwa vibuti, na usiku wa manane atatoka nje na tochi kichwani kuangalia kwa nini mbwa mmoja hanyamazi. Mwendeshaji ndiye anayepigwa picha. Wewe utakuwa umesimama pembeni na reki mkononi.

Kipindi ninachotaka kukizungumzia ni Desemba na Januari, maana ndipo wageni wengi wanapofungasha virago. Mazoezi huanza tangu Agosti au Septemba, kabla theluji haijaanguka, mbwa wakikokota pikipiki ya matairi manne. Theluji ikishika wanahamia kwenye sleji, na umbali unaongezwa polepole. Kisha mwaka mpya unaingia na mashindano yanaanza kufuatana. Copper Basin 300 hukimbiwa Januari katika eneo la Glennallen. Kuskokwim 300, iliyoanza mwaka 1980, hukimbiwa Bethel, mji usio na barabara ya kuuunganisha na miji mikubwa, kwa hiyo mbwa wanaotoka mbali hufika kwa ndege. Hizo namba 300 ni maili, karibu kilomita 480. Machi ndipo inapokuja Iditarod yenyewe, shindano maarufu kuliko yote, kilomita 1,600 hivi kutoka upande wa Anchorage hadi Nome, na mtu ambaye hajawahi kuikimbia lazima kwanza afuzu kwa kumaliza mashindano madogo kama haya.

Kwa hiyo Januari mwenye kambi ana mawazo mengi. Ana mbwa arobaini au zaidi uwanjani na bado hajajua ni wepi atakaokwenda nao Machi. Anatumia mashindano ya mwanzo kuwapima, hasa wale vijana wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Wewe ndiye unayewaona mbwa hao asubuhi, mchana na jioni, na atakuuliza maswali. "Yule jike mweusi amekula?" Ukijibu "nadhani amekula", jua hujaanza kazi bado.

Tuje kwenye mavi, na msicheke. Kazi ya kwanza ya siku ni kuzunguka uwanja na ndoo na koleo. Kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kinyesi kimeshaganda, kinagonga ndoo kwa mlio wa mawe, wala hakinuki. Mgeni hufurahi kwamba kazi ni safi, anakimbiza ili amalize. Usikimbize. Hapo ndipo unaposoma afya ya kila mbwa. Kila mmoja amefungwa kwenye mnyororo wake na nyumba yake, kwa hiyo unajua kilicho chini ni cha nani. Kigumu au laini? Kuna damu, kuna ute, kuna minyoo? Kuna mavi kabisa? Mbwa aliyeharisha leo ana upungufu wa maji kesho, na keshokutwa hafai kukimbia. Januari hatari huongezeka kwa sababu mbwa wa kambi mbalimbali hukutana kwenye mashindano, wanapumuliana na kunusana, na kuhara kunahama kutoka kambi moja hadi nyingine. Kuwa na kidaftari mfukoni. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu huganda.

Baada ya hapo ni maji. Mbwa wa sleji kwenye baridi hapendi maji matupu, na ukimwekea kwenye bakuli yanaganda kabla hajaamua. Kwa hiyo anapewa supu: maji ya uvuguvugu yenye nyama iliyosagwa, mafuta, au vipande vya samaki, ili harufu imshawishi anywe. Hupewa mapema, saa mbili hivi kabla ya kukimbia, apate muda wa kukojoa. Mchunguze kwa mkono: vuta ngozi ya shingoni juu kidogo na uiachie. Ikirudi mara moja, ana maji ya kutosha. Ikibaki imesimama, mwambie mwenye kambi. Angalia na fizi, ziwe na unyevu. Mkiwa njiani utamwona mbwa anainamisha kichwa anachota theluji huku anakimbia. Hiyo ni kawaida, anajipoza, lakini usidhani ameshiba maji.

Ndiyo, anajipoza. Watu wa kwetu hawaamini nikiwaambia, lakini adui wa mbwa hawa akiwa kazini ni joto. Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri wanakimbia kwa raha. Siku ikipanda karibu na sifuri, utawaona ndimi nje, mwendo unazorota, na mwendeshaji mwenye akili anapunguza kasi au anasubiri usiku. Pia msitegemee kuona mbwa wa kwenye kalenda wenye manyoya mazito na macho ya bluu. Wengi ni mchanganyiko unaoitwa Alaskan husky, mwembamba, miguu mirefu, kilo 20 hadi 25 hivi, na sura zao zinaweza kukukumbusha mbwa wa mtaani Morogoro. Usiwadharau. Akiwa katikati ya mashindano marefu, mbwa mmoja wa hao hula kalori 10,000 na zaidi kwa siku.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mbio nyingi hupotelea miguuni.

Kila mguu huvalishwa kibuti, kifuko cha kitambaa kigumu chenye mkanda wa kunata. Timu ya mbwa 12 ina miguu 48, na vibuti huvaliwa na kuvuliwa mara nyingi. Kwa mashindano ya Iditarod timu moja inaweza kumaliza zaidi ya vibuti elfu moja. Piga goti kando ya mbwa, ukitazama upande anaotazama yeye, mkunje mguu kwa nyuma kama fundi anayempigilia punda chuma cha kwato, na kabla hujavalisha pitisha kidole katikati ya vidole vyake. Unatafuta vitu vitatu: donge la barafu, mpasuko kwenye ngozi laini kati ya vidole, na joto lisilo la kawaida. Kuna barafu, iyeyushe kwa kiganja chako. Kuna mpasuko, paka dawa na useme. Halafu ingiza mguu wote mpaka mwisho, zungushia mkanda juu kidogo ya kifundo, usikaze. Hapa ndipo wageni wanapokosea, na nawaelewa: wanaogopa kibuti kisivuke njiani, wanakaza mpaka damu haipiti vizuri. Afadhali kimoja kidondoke.

Kibuti chenye tundu kitupe. Theluji huingia kwa tundu, inajazana ndani, na mbwa anakimbia akiwa na jiwe kiatuni. Mbwa wakipumzika, vibuti vyote vivuliwe, ili mguu ukauke na damu itembee. Kazi hii haifanyiki vizuri na glavu nene. Utavaa glavu nyembamba, utafanya mbwa wawili watatu, utaingiza mikono kwapani au chini ya tumbo la mbwa, utaendelea. Mbwa hana neno, anajua unachofanya.

Kutoka miguuni panda juu. Kanda vifundo vya miguu ya mbele, mabega, na misuli ya mapaja. Ukiukunja mguu na mbwa akageuza kichwa kukutazama, kuna kitu hapo. Ndiyo maana nasema umjue kila mbwa akiwa mzima. Yupo anayechechemea hatua chache za kwanza asubuhi kwa sababu tu ya baridi, yupo ambaye hachechemei hata akiumia. Daktari wa mifugo wa mashindano ana dakika chache kwa kila mbwa, wewe una majira yote.

Kuhusu kufunga timu: zile kelele zitakutisha mara ya kwanza. Mbwa akiona mikanda ya kukokotea imetolewa, anaruka, analia, anatafuna kamba. Sleji inakuwa imefungwa kwenye nguzo imara, na nanga ya theluji imechomekwa. Mbwa wa mbele hufungwa kwanza, kwa kuwa wao hunyoosha kamba kuu na kuishikilia isilegee. Ukimtoa mbwa kwenye nyumba yake, mnyanyue kwa mkanda mpaka atembee kwa miguu ya nyuma tu. Akiwa na minne chini anakuburuta, na barafu haina huruma na magoti. Hakuna hatamu. Timu inaongozwa kwa sauti: "jii" kulia, "hoo" kushoto, na ya kusimama utaisikia, ila usiitegemee bila kukanyaga breki. Siku utakayopewa timu ndogo ya vijana kwa mazoezi, kanuni ni moja: ukianguka, usiachie sleji. Mbwa hawatakusubiri. Wataendelea na safari, na huko mbele kuna barabara kuu na kuna muusi, mnyama mkubwa wa porini mwenye uzito unaoweza kupita kilo 500, anayependa kutembea kwenye njia iliyoshindiliwa kuliko kuzama kwenye theluji. Mwaka 1985 muusi aliingia katikati ya timu ya mwendeshaji Susan Butcher kwenye Iditarod, akaua mbwa wawili na kujeruhi wengine, na Butcher akalazimika kujitoa. Alirudi akashinda mara nne, lakini mpaka leo watu wanalikumbuka tukio hilo.

Siku ya mashindano yenyewe, jiandae kukaa mbali. Mtu aliyewalisha mbwa miezi yote anafika kituoni, anawaona wanaingia wamechoka, mkono unawasha kwenda kuwavua vibuti, na kanuni hazimruhusu. Katika mashindano mengi ya Alaska, mwendeshaji akishaondoka lazima awahudumie mbwa mwenyewe. Ukimsaidia pasiporuhusiwa, anaadhibiwa yeye. Soma kanuni za kila shindano, zinatofautiana. Kazi yako ni gari, na mbwa wanaobaki. Vituo vingi vya Copper Basin viko karibu na barabara, kwa hiyo wahudumu hufuatilia kwa gari usiku kucha. Mbwa aliyechoka au kuumia huachwa kituoni kwa daktari, kisha anakabidhiwa kwako. Mpe supu, mlaze kwenye nyasi kavu ndani ya kichumba chake garini, na mtoe nje kila baada ya saa tatu nne ajisaidie. Timu ikishaondoka, reki nyasi walizolalia. Gari lenyewe lisizimwe ovyo. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri injini isiyopashwa moto kwa umeme haiwaki.

Kwa ndugu zangu Waislamu, najua swali lenu. Wengi wetu tumekulia kwenye madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na kuoshwa ni mara saba, moja kwa udongo. Kauli ya Imamu Malik ni tofauti. Muulize shehe wako kabla hujasafiri, usisubiri umeshafika. Wapo wanaotenga nguo za kazi na nguo za swala, wanabadilisha mlangoni, na maisha yanakwenda. Jambo jingine la kumuuliza ni nyakati: kwenye mji wa Fairbanks, Alaska, mwishoni mwa Desemba jua huonekana kwa saa chini ya nne, kwa hiyo adhuhuri na magharibi zinakaribiana sana.

Mkiambiwa kwamba mtu wa nchi ya joto haiwezi kazi hii, watajieni Newton Marshall, Mjamaika, aliyemaliza Yukon Quest, shindano jingine refu la sleji, mwaka 2009 na Iditarod mwaka 2010. Baridi inazoeleka kwa nguo. Usingizi ndio hauzoeleki.

La mwisho ni makubaliano, na hapa nawasihi msione haya. Kambi nyingi hutoa chumba na chakula, posho kidogo au hakuna, na kuita kazi hiyo "kujitolea". Chumba hicho mara nyingi ni kibanda cha mbao chenye jiko la kuni, choo kiko nje, na maji unabeba kwa madumu. Sheria za Marekani zinaweza kuhesabu malazi na chakula kuwa malipo, kwa hiyo viza ya utalii inaweza kukuingiza matatani, hata kama mwenye kambi anakwambia wote huja hivyo. Muulize kwa maandishi ni viza gani, siku ngapi za kupumzika, nani analipa ukiumia, na tiketi ya kurudi ni ya nani. Halafu muulize mbwa wake wazee wanaishia wapi. Anayejibu haraka, akakutajia kwa majina nani yuko kwa jirani, nani analala ndani karibu na jiko, nenda kwake. Anayekasirika kwa swali hilo, tafuta kambi nyingine.