Ukishuka Dodoma: majibu kwa wasafiri wa Kigoma na Tabora

Likizo ya Juni inakaribia na wengi mnataka kwenda kuona makao makuu. Naanza na maswali haya.

Treni ikiingia Dodoma usiku wa manane, niende wapi? (Msomaji, Ujiji)

Usiende popote. Kaa stesheni penye taa, pamoja na abiria wenzako, mpaka kupambazuke. Kutoka Kigoma ni karibu kilomita 800 za reli na saa ya kufika hubadilika, kwa hiyo hata ratiba ikisema mchana, jipange kwa usiku. Kama ni lazima utoke, pigia simu gesti mkiwa bado Manyoni, uulize kama wana mtu wa bajaji wanayemwamini na nauli ni shilingi ngapi. Kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililolaliwa na magunia ya dagaa. Watu wa Kigoma tunajua tunavyoulizwa uraia njiani. Wakati wa kurudi, mwambie bodaboda ni stesheni ya zamani; ya SGR iko kwingine kabisa.

Wanangu wawili wanataka kuona Bunge. Tutaruhusiwa? (Mama, Kasulu)

Inawezekana, mama, na nakusihi uwapeleke. Mkutano wa bajeti huanza Aprili ukaisha mwishoni mwa Juni. Zungumza mapema na ofisi ya mbunge wenu ili mwingie kama wageni wake, na uulize pia kuhusu umri wa watoto. Vaeni nguo za heshima, mfike kabla ya saa tatu asubuhi, mkubali kukaguliwa. Ukiweza kuchagua siku, chagua Alhamisi, ambayo kwa kawaida ndiyo ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Mtoto huyafuata hayo kuliko hotuba ndefu ya bajeti.

Nina siku mbili tu. Mbali na Bunge kuna nini? (Msomaji, Tabora mjini)

Ya kwanza ibaki mjini. Anzia Nyerere Square, penye sanamu ya Mwalimu; uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa wakati wake, mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Kisha upite Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010. Omba ruhusa kwanza, vua viatu, na dada ujifunike kichwa.

Siku ya pili wengi watakupeleka madukani. Mimi nakuomba uende Kolo, wilayani Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna wanyama na watu wembamba warefu, wamechorwa kwa rangi nyekundu na watu wa kale wa nchi hii hii, na Watanzania wengi hawajawahi kuiona. Ondoka alfajiri, barabara ya kwenda Kondoa ni ya lami. Pale Kolo chukua mwongoza wageni. Usipande miambani peke yako.

Naweza kupiga picha popote? (Msomaji, Uvinza)

Hapana. Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi na vituo vya polisi, acha. Watu, waombe kwanza.

Kuna mtu mtandaoni anasema nikija kutembea Dodoma nimpe laki tatu aniunganishe na kazi serikalini. Nimwamini? (Kijana, Urambo)

Mdogo wangu, usimpe hata mia. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupitia mfumo wake wa mtandaoni bila malipo. Kwa mgeni wa Dodoma naogopa zaidi maneno matamu kuliko vibaka. Mji umejaa ofisi, na anayetaja wizara huaminika haraka. Mtu akikuharakisha, akataka mkutane stendi badala ya ofisini, hela iende kwa jina usilolijua, ondoka. Hata zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitakufuata safarini. Namba ya tapeli itume 15040. Ukiibiwa au kutishiwa, piga 112.

Juni kuna baridi? (Msomaji, Mwanga)

Ipo, hasa alfajiri, na upepo wake ni mkavu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Watoto waliozoea joto la ziwani wabebee masweta, na mafuta ya kupaka midomo.